Mpini wa Arobaini

Mkono wa kulia wa mjomba wangu Stambuli haufungi ngumi tena. Vidole viwili vimekaa kama vijiti, na cha tatu kimepinda kuelekea dole gumba. Siku hizi anaandika kwa kushoto, herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Ukimuuliza kulikoni, anasema alibanwa na mlango. Mimi nilikuwepo. Mlango haukuhusika.

Stambuli ni mtunza stoo wa duka la Bi Raya, pale senta ya Kisosa, barabara ya gari inapoishia na milima inapoanza. Bi Raya mwenyewe anakaa Morogoro mjini, Kilakala, anapanda mara moja kwa mwezi. Duka linauza kila kitu cha shamba na nyumba: misumari, mbegu za kabichi, mabomba ya maji, spea za pampu, mapanga, majembe na mipini yake, simenti. Watu wa juu, kijiji cha Kitundu, tunanunua pale. Watu wa chini, Bondeni, nao wananunua palepale. Duka lingine mpaka ushuke kilomita ishirini.

Kila mteja anaujua utaratibu wa rangi wa mjomba. Kila kitu mle ndani kina doa. Doa jekundu maana yake kitu hicho kikikosekana, mtu anaumia siku hiyohiyo. Kinakaa kwenye kabati la nondo nyuma ya kaunta, chini ya kufuli, kinahesabiwa asubuhi na jioni, na hakiruhusiwi kuisha. Hakiishi, nakwambia. Doa la njano kinahesabiwa Jumamosi. Doa jeupe hakihesabiwi kabisa, kinaangaliwa kwa macho tu, kikipungua kinaletwa kingine.

Wageni huwa wanamcheka. Kabati lenye kufuli lina viringi vya mpira vya kuzibia pampu, vidogo kama pete, halafu simenti mifuko mia imetupwa huko nyuma na doa jeupe. Ukimcheka ndipo anakusimulia habari ya Turiani.

Ujanani alikuwa stoo ya mashine moja ya kukoboa mpunga upande ule. Pale vitu vilipangwa kwa bei. Cha bei kubwa kilifungiwa, cha bei ndogo kilitupwa kwenye ndoo. Siku moja boliti inayoshika kava la mkanda ikakatika. Wakaenda kwenye ndoo, boliti hakuna, maana hakuna aliyekuwa anazihesabu. Nje kuna foleni ya magunia, bosi anafoka. Wakawasha mashine bila kava. Mkanda ukamdaka fundi kwenye mkono wa shati.

"Mwili ulibaki huku, mkono ukaenda kule," mjomba anasema. "Mimi ndiye niliyeuokota. Niliufunga kwenye gunia la mpunga, ulikuwa bado wa moto. Na boliti ile ilikuwa haifiki bei ya soda."

Tangu siku hiyo yeye haulizi bei. Anauliza swali moja tu: kikikosekana, nini kinatokea? Alivyorudi kwao milimani akaleta swali hilo dukani kwa Bi Raya, na kwa miaka kumi na moja halikumwangusha. Likaja kumwangusha mwaka jana, mwezi wa nane.

Mwaka ule maji yalikuwa madogo. Mfereji unatoka mtoni huko juu, unapita kwetu Kitundu, ndiyo unashuka Bondeni. Sisi tuna kabichi, wao wana nyanya. Tukaanza kuufunga mchana kutwa. Nyanya zao zikakauka mitini. Wakaja kuongea, tukawacheka. Wakaja tena, tukawatupia mawe. Jumatatu asubuhi tukakuta mabomba yetu yote yamekatwa vipandevipande kama miwa, na mzee Joseph, mlinzi wa banio la maji kichwani mwa mfereji, yuko mtaroni kichwa chini. Mdomo umeshindiliwa matope. Mbavu tatu zimevunjika. Tulimtoa mimi na wenzangu. Nilimchokonoa matope mdomoni kwa kidole hiki, na meno mawili yakatoka na matope.

Jumanne mjomba akauza mapanga sita. Jumatano, kabla hata ya saa nne, manane. Mwezi wa nane kwa kawaida anauza mawili, matatu kwa wiki. Sasa kanuni yake ni kwamba kitu kikianza kukimbia, kinapanda daraja. Akachukua kopo la rangi, akapiga doa jekundu, akahamisha boksi zima la mapanga, dazeni nne, akalitia kwenye kabati la nondo. Wateja wapo wanaangalia. Pazi wa kwetu, jamaa mmoja ana mdomo kama redio, alikuwa kaegemea kaunta.

"Mzee Stambuli, leo mapanga yamepandishwa cheo!"

"Yamejipandisha yenyewe," mjomba akamjibu, naye anacheka.

Mkono ulitangulia akili. Mchana alipokaa kuandika daftari, kalamu ikamsimama. Kila aliyenunua panga alichukua na tupa ya kunolea. Mwezi wa nane hakuna anayefyeka. Akasoma tena kwa vijiji: Kitundu wanane, Bondeni sita. Aliniambia baadaye kwamba pale alisikia uzito wa lile gunia la Turiani mikononi mwake.

Akaenda kwa mtendaji wa kata kwa miguu. Mtendaji akamwambia asijali, kesho Alhamisi ni gulio, na mgambo watasimama njia zote mbili. Mwenye panga atalirudisha kwao.

"Na yaliyo dukani?" mjomba akauliza.

"Si usiuze tu?"

Usiuze tu. Kama ingekuwa rahisi hivyo.

Alhamisi, kabla hajafungua duka, akajifungia ndani. Akatoa mapanga yote kwenye kabati, akahamisha simenti mifuko zaidi ya thelathini peke yake, mtu wa miaka hamsini na nne, akayalaza chini kabisa, akarudishia mifuko juu. Kwenye kabati akaacha viringi vya pampu, plagi na gundi. Akafunga kufuli. Doa jekundu akaliacha lilivyo.

Asubuhi hiyohiyo mchongaji wake akashusha mipini ya majembe, mafungu manne, kila fungu kumi. Mti mgumu, mizito, bado mibichi inanuka msitu. Mjomba akaisimamisha pale inaposimama siku zote, nje, ukutani, kando ya mlango. Doa jeupe.

Mimi nilikuwa na watu wa Kitundu. Sina haja ya kujificha. Tulishuka kama thelathini, mgambo wakatupapasa, mikono mitupu. Pazi mbele. Tulipowapita akanigeukia.

"Halidi, mjomba wako atatuuzia?"

"Atauza. Kwani lini kakataa kuuza?"

Tukajaa dukani mpaka mlangoni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekuja kununua nini na kijiji kizima?"

Pazi akadakia kabla yangu. "Mapanga. Ishirini."

"Yameisha."

Kicheko kikalipuka, na mmoja huko nyuma akapiga kelele: "Stambuli kaishiwa na kitu chekundu! Leo jua limechomoza magharibi, Gairo!"

"Mzee," Pazi akasema, yeye hakucheka, "miaka yote hii hujawahi kuishiwa hata kiringi cha pampu. Jana umeyafungia humo, macho yangu yanaona."

"Yalinunuliwa jana jioni."

"Na nani?"

Mjomba akanyamaza. Angesema Kitundu, tungejua anadanganya. Angesema Bondeni, angekuwa amewasha petroli. Lakini ule ukimya wenyewe ulitosha. Sauti ikatoka mlangoni: "Kawauzia Bondeni!" Duka likawa la wazimu. Makopo ya rangi yakaruka. Mtu akatia teke kioo cha kaunta, vipande vikamchana mguu wake mwenyewe, akazidi kupandisha hasira. Mjomba akarudi nyuma mpaka kwenye kabati, akalikamata lile kufuli kwa mkono wa kulia, vidole vyote vitano.

"Funguo," Pazi akasema.

"Sina."

"Mzee, nakuheshimu. Toa mkono."

"Nenda nyumbani, Pazi. Mamako anakusubiri."

Pazi akatoka nje, akarudi na mpini. Pigo la kwanza lilikuwa la kufuli. La pili likatua kwenye vidole. La tatu alilenga vidole. Ulishasikia muhogo mkavu unavyovunjwa kwenye goti? Ndiyo hivyohivyo. Mjomba hakupiga kelele, alitoa pumzi tu, kama mtu anayenyanyua mzigo. Hakuachia. Likaja la nne, na vidole vikafunguka vyenyewe, maana havikuwa tena na wa kuvituma. Damu ikamwagika kwenye viatu vyangu. Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka pale. Nilisema, "Pazi, basi." Nilisema kidogo sana, nafikiri nilijisikia mwenyewe tu.

Kufuli likakatika. Kabati likafunguka. Viringi vya pampu. Plagi. Gundi. Pazi akapakua kwa mikono miwili, akatupa chini, akatupa chini, akabaki anahema. Mjomba amekaa sakafuni kaukumbatia mkono tumboni, hata hatuangalii. Macho yake yako kwenye kabati tu. Na sisi tukawa tunaangalia anakoangalia yeye. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kutazama simenti.

"Wamefika!" mtu akapiga yowe nje.

Bondeni walikuwa wanapanda kutoka gulioni, mawe mikononi. Sisi tukatoka mbio, na ukitoka pale mlangoni, cha kwanza kukutana na mkono wako ni mipini. Hakuna aliyesema chukueni. Kila aliyetoka alikwapua. Na mimi nilikwapua. Mpini ulinikaa mkononi vizuri, na hilo ndilo siwezi kulisahau.

Vita yenyewe haikufika dakika kumi. Jiwe lilimpata Pazi mdomoni, akakaa chini anatema meno kama mtu anatema mbegu za machungwa. Mzee mmoja wa Bondeni alipigwa sikio likaning'inia, akawa anatembea kalishika, anauliza watu, "Lipo? Lipo?" Meza za gulio zilipinduka, nyanya na damu ukawa huwezi kutofautisha. Mwanamke akapita katikati anamburuta mumewe kwa mkanda wa suruali. Vumbi. Unapiga kinachokuja.

Kilichonijia mimi kilikuwa na jiwe. Nikashusha mpini kwa chini, kwenye mguu, kwa nguvu zote. Wakati unashuka nikasikia, "Halidi, ni mimi!" Neno na mpini vilifika pamoja. Goti likaenda upande ambao goti haliendi.

Alikuwa Kondo. Winga wa kushoto wa timu ya kata. Mimi nilikuwa nacheza mbele, na mabao yangu yote ya msimu ule yalitoka mguuni kwake. Mguu huohuo. Alikuwa chini anaushika, analia kama mtoto, na lile jiwe lake bado kalikamata, hakuwahi hata kulirusha. Nikakimbia. Nilipanda mlima mpaka nyumbani bila kusimama, na nilipofika ndipo nikaona bado nina mpini. Nikauchomeka darini jikoni kwa mama.

Polisi walikuja na gari, wakabeba kumi na mmoja. Mimi hawakunipata. Zahanati ililaza watano. Hakuzikwa mtu. Watu wakasema Mungu mkubwa. Wiki mbili baadaye Bi Raya alipopanda na vijana kupanga duka upya, wakanyanyua simenti, wakakuta mapanga dazeni nne, meupe kwa vumbi, hata moja halijapungua. Ndipo senta nzima ikajua kwamba Stambuli alivunjwa mkono akilinda viringi vya mpira, ili tusigeuze shingo.

Wakaanza kumsifia. Yeye hataki kusikia.

"Nilificha cha kukata," alimwambia mama yangu, Asha, dada yake, "nikaacha mlangoni cha kuvunja. Nimekaa miaka yote najiuliza kikikosekana nini kinatokea. Hata siku moja sikujiuliza kikipatikana."

Akaanza kuzunguka. Mkono umefungwa plasta ngumu, umening'inizwa shingoni, anapanda Kitundu, anashuka Bondeni, mlango kwa mlango. Hatishi mtu. "Nimefuata mali ya duka." Wengine waliokota mipini iliyodondoka uwanjani. Mingine ilikuwa imeshatiwa jembe. Mmoja ulichomolewa kwenye moto. Mmoja ulikuwa na nywele. Pazi aliurudisha wa kwake mwenyewe, mdomo umevimba, akalia, mjomba akamwambia ajipanguse aende.

Kila baada ya siku tatu alikuwa anapita kwetu, anakunywa uji. Haulizi kitu. Anataja namba tu.

"Thelathini na tano, Asha."

Halafu, "Thelathini na nane."

Siku ile nyingine akaweka kikombe chini. "Thelathini na tisa."

Mama anapika chini ya dari lile kila siku ya Mungu. "Huo mmoja labda umeungua, kaka."

"Mti ule hauungui haraka hivyo."

Hakuniangalia. Ingekuwa afadhali angenizaba kofi.

Sisi Waluguru, mtoto ni wa upande wa mama. Nikivunja mtu, anayekwenda kukaa chini mbele ya watu wake si baba yangu, ni mjomba. Stambuli alikuwa anasubiri kwenda na hawezi kwenda, maana huwezi kumjibia mtu ambaye hajasema kosa lake. Na Kondo huko Bondeni aliulizwa na polisi, akaulizwa na ndugu zake, akasema vumbi lilikuwa jingi, hakumwona aliyempiga. Ndugu zake wakawa wanasema goti litalipwa kwa goti, yeyote wa Kitundu watakayemkamata. Vijana wetu wakaacha kupita njia ya chini. Nilikuwa nasikia hayo, nalala, na mpini uko darini jikoni.

Jumapili moja, jua linawaka, nikauchomoa. Damu ilikuwa imekauka nyeusi karibu na ufa wa pigo lile. Nikashuka nao mkononi, wazi, kila mtu anaona.

Mjomba alikuwa anaandika kwa kushoto.

"Shikamoo mjomba."

Alimaliza kwanza neno lake. "Marahaba."

Akaupokea, akaugeuza, akaukagua kichwa na kitako kama anavyokagua mzigo wowote. Akaona ufa. Akaona ile nyeusi. "Damu ya nani?"

"Ya Kondo. Goti. Ni mimi."

Akachukua kopo, akaupiga doa jekundu kwenye kitako. Akafungua kabati la nondo. Mipini ilikuwa imesimama mle thelathini na tisa, yote ina doa jekundu, kufuli jipya. Viringi vya pampu vimeshushwa kwenye njano. Wateja wanacheka mpaka leo, eti mpini umefungiwa kama dhahabu. Nikafikiri atautia ndani. Akanirudishia.

"Shika. Tunashuka Bondeni."

"Wataniua, mjomba."

"Mimi nakaa mbele."

Tulimkuta mama yake Kondo, Bi Sabra, anapukuchua maharage uani. Kondo kwenye kigoda, mguu umenyooshwa mbele, umekonda kama mkono. Ndugu zake wawili wakainuka ukutani. Mjomba akapiga hodi, akaenda moja kwa moja, akakaa chini kwenye udongo, mkono wake mbovu akauweka wazi juu ya paja.

"Dada Sabra, mpwa wangu ndiye aliyemvunja mwanao. Mti ulitoka kwangu. Nimekuja."

Kondo akaangalia mpini, akaniangalia mimi.

"Nilikwambia ni mimi."

"Nilisikia," nikasema.

Akanyoosha mkono. Nikampa mpini. Akaushika kwa mikono miwili, na palepale alipokaa akauzungusha, ukanipata mbavuni. Nikaenda chini. Sikuona kitu, nilisikia tu maharage ya Bi Sabra yanamwagika. Nilipofumbua macho mpini ulikuwa juu tena, na mjomba alikuwa bado amekaa, hajanyanyuka hata kidogo, jasho linamtiririka.

"Bado," akamuuliza Kondo, "au inatosha?"

Mpini ulikaa juu muda mrefu. Ndugu yake mmoja akasema, "Maliza." Kondo akamwambia, "Nyamaza wewe, goti ni langu." Halafu akaushusha taratibu, akauchomeka kwenye udongo mbele yake, akauegemea, akajivuta, akasimama. Bi Sabra akaziba mdomo. Ilikuwa mara ya kwanza anasimama bila kushikwa.

"Inatosha," akasema.

Mbavu mbili zilivunjika. Ndugu zake walinifunga khanga ya mama yao, wakanisindikiza mpaka njia panda.

Nenda leo dukani, uhesabu mle kwenye kabati, utakuta thelathini na tisa. Mjomba anahesabu asubuhi, anahesabu jioni, na kila siku anaandika kwa zile herufi zake za kushoto: mpini, mmoja, uko kwa Kondo.